Mwanangu amemaliza utabibu, mbona hapangiwi kituo?

Ndugu msomaji, majuma mawili yaliyopita baada ya swala ya Isha, mzee mmoja wa msikiti wetu alinishika mkono nikiwa natafuta viatu vyangu mlangoni, akaniambia, "Daktari, nina neno na wewe." Mimi si daktari, ni tabibu, lakini huku kwetu Kusini kila anayevaa koti jeupe huitwa daktari na nimeshachoka kusahihisha. Tukakaa barazani.

Neno lenyewe lilikuwa hili. Kijana wake amemaliza stashahada ya utabibu katika chuo cha binafsi, na huu ni mwaka wa tatu yuko nyumbani. Ili kulipa ada, mzee aliuza sehemu ya shamba la mikorosho alilorithi kwa baba yake. "Tuliambiwa wakimaliza wanapangiwa vituo. Mbona wangu hapangiwi? Au ni kwa sababu ya jina lake?" Kabla sijajibu akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo: "Nimepata fremu pale stendi. Nataka nimfungulie duka la dawa, na huko nyuma awe anatibutibu watu. Sindano mbili tatu kwa siku. Wewe waonaje?"

Nilimwomba anipe muda. Nimeona leo tulizungumze jambo hili hapa kwa urefu, kwani mzee huyu si peke yake. Katika kila mtaa wa Waislamu ninaoufahamu, yupo kijana mwenye cheti cha utabibu, uuguzi, maabara au famasi, na cheti hicho kiko kabatini.

Zamani ilikuwaje

Mzee hakudanganywa na aliyemwambia kuhusu kupangiwa vituo. Alipewa habari ya zamani.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa 12 tu. Nchi haikuweza kungoja mpaka wapatikane madaktari wa kutosha kila wilaya, hivyo ikategemea kada za kati: waganga wasaidizi wa vijijini waliosomea miaka mitatu baada ya darasa la saba, matabibu, na madaktari wasaidizi ambao mpaka upasuaji wa kujifungua waliufanya. Vyuo kama Kibaha, Lindi, Mtwara, Kilosa, Mafinga na Maswa vimetoa matabibu ambao kwa miaka mingi ndio waliokuwa "daktari" pekee ambaye mwanakijiji alimwona maishani mwake. Aliyehitimu wakati huo hakuandika barua ya kuomba kazi. Alingoja orodha itoke, akalitafuta jina lake, akafunga godoro.

Utaratibu huo nilikaribia kuuonja. Nilimaliza mwaka 2015, nikakaa nyumbani kungoja orodha. Mwezi Juni 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, kisha ukafuata uhakiki wa vyeti ambao taarifa yake ya Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sina ugomvi na uhakiki. Aliyekuwa akitibu watu kwa cheti cha nduguye alistahili kuondoka. Lakini sisi tuliomaliza miaka ile tulijifunza kwa uchungu kwamba orodha ya kupangiwa moja kwa moja imekwisha. Mimi niliajiriwa mwaka 2021, baada ya miaka sita. Wakati huo tayari nina mke na mtoto.

Hesabu ya nafasi

Mwaka 2021 zilitangazwa nafasi 2,726 za kada za afya. Mwaka 2022 zikawa 7,612, na mwaka 2023 zikawa 8,070. Mtu akisikia elfu nane huona ni nyingi. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Gawanya zile za 2021 kwa halmashauri hizo, hupati hata watu 15 kwa kila moja, na hao 15 ni kada zote: daktari, muuguzi, tabibu, mteknolojia wa maabara, wa dawa, wa mionzi, bwana afya. Zile za 2023 hazifiki watu 44 kwa halmashauri. Wakati huohuo vyuo vimeongezeka sana, hasa vya binafsi, na kila mwaka vinamwaga wahitimu wapya juu ya wale wa mwaka jana ambao bado wapo.

Ndiyo maana nilimwambia mzee kwamba suala la jina tuliweke pembeni kwanza. Sisemi kwamba dhulma haipo duniani. Lakini nikiangalia niliosoma nao darasa moja, akina John na akina Juma wote walikuwa wanauza vocha.

Hapo mzee akauliza swali ambalo watu wengi huuliza: inakuwaje zahanati ya kijiji ina mtumishi mmoja anayepima, anayetoa dawa na anayezalisha, na wakati huohuo watabibu wamejaa mitaani? Jibu ni kwamba upungufu ni kitu kimoja na nafasi ya kazi ni kitu kingine. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017, maarufu kama MMAM, ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, na majengo kweli yameongezeka. Jengo hujengwa mara moja, tena wananchi huchangia mawe na mchanga. Mshahara hulipwa kila mwezi mpaka mtu afikie kustaafu. Kituo kinaweza kuwa na ikama ya watu kadhaa na ikajazwa nusu yake, kwa sababu kila nafasi lazima ipate kibali cha ajira na fedha katika bajeti ya mishahara. Kijana anayechagua chuo kwa kuhesabu zahanati zilizojengwa anahesabu kitu kisichomhusu.

Fremu ya stendi

Sasa nije kwenye lile la duka, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka juzi nilimpokea mtoto wa miaka minne aliyeletwa na bibi yake. Alikuwa na homa, akapelekwa kwenye duka la dawa, kijana wa dukani akamchoma sindano ya tako. Homa ikashuka. Siku ya pili mtoto akawa anaburuza unyayo. Katika tako hupita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka mguuni, na kwa mtoto mwembamba nafasi ya kukosea ni ndogo mno. Sindano ikiingia pasipo mahali pake, au dawa ikimwagika karibu na mshipa ule, mguu hulegea. Wengine hupona baada ya miezi, wengine hawaponi. Bibi hakujua jina la dawa aliyochomwa mjukuu wake. Hakupewa karatasi yoyote.

Yule kijana wa dukani nilikuja kujua baadaye kwamba alisoma. Hakuwa mganga wa kienyeji wala tapeli, alikuwa na cheti kama changu. Hicho ndicho kinachonitisha. Kituoni, aliyehitimu jana akishika sindano, nyuma yake yupo muuguzi mwenye miaka ishirini kazini anayemwambia, "Hapo sipo, baba, sogea juu." Yapo pia maabara, rejista, kitanda cha kumwangalia mgonjwa baada ya dawa, na gari la kumpeleka hospitali. Nyuma ya duka la stendi kuna pazia.

Na kuna lile la usafi, ambalo ni la ukurasa huu. Sindano zilizotumika kituoni huingia kwenye boksi la usalama na kuteketezwa. Za nyuma ya duka hutupwa jalalani, wanakookota watoto. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa muda usiopungua siku saba. Mtoto anayechezea sindano ya juzi hachezi na takataka tu.

Kisheria, duka la dawa muhimu limeruhusiwa kuuza dawa zilizoorodheshwa, na muuzaji awe amepata mafunzo ya utoaji dawa. Haliruhusiwi kuchoma sindano wala kulaza mgonjwa. Kijana akikamatwa anatibu humo, chake kinachoharibika si duka peke yake. Ni jina lake mbele ya Baraza, na huenda asipate tena leseni ya kazi aliyosomea.

Kwa upande wa dini, wanafunzi wa madrasa watakumbuka hadithi iliyomo katika Sunan ya Abu Dawud kuhusu dhamana ya anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa elimu hiyo: madhara yakitokea ni juu yake. Mtu atasema, huyu amesoma, hadithi haimgusi. Mimi naona, na masheikh watanisahihisha, kwamba huko kujulikana kwa zama zetu kunapatikana kwa usajili na leseni. Na hata aliyesoma, akifanya kazi mahali ambapo anajua hana vifaa vya kumwokoa mgonjwa likitokea baya, amekwenda kinyume na kile alichosomea.

Mzee aliposikia habari ya mtoto yule alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sasa akae tu?"

Asikae

Kukaa nako kuna hasara. Mkono wa utabibu hupoteza kazi upesi. Mwaka mmoja bila kushika mgonjwa, kijana anasahau vipimo vya dawa vya watoto. Miaka mitatu, anaingia chumba cha usaili na kushindwa maswali ambayo siku ya kuhitimu angeyajibu akiwa amelala. Siku hizi maombi ya serikali hupitia mtandao wa Sekretarieti ya Ajira na kuna usaili wa kuandika na wa ana kwa ana, kwa hiyo aliyekaa nyumbani anashindana na aliyekuwa wodini. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshafika chumba cha mtihani.

La kwanza ni usajili na leseni. Tabibu yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Wauguzi wana baraza lao, famasi lao, maabara lao, na Zanzibar ina mamlaka zake. Nimekutana na vijana ambao hawajajisajili kwa hoja kwamba "kazi yenyewe sina, leseni ya nini?" Hoja hiyo imegeuzwa. Hakuna hospitali ya maana itakayomwita asiye na leseni, na tangazo la ajira hutoa siku chache tu za kuomba.

La pili ni kujitolea katika kituo cha serikali kwa barua inayopitia kwa Mganga Mkuu wa halmashauri. Hapa niseme ukweli, kujitolea kuna matumizi mabaya. Mimi nilijitolea mwaka mmoja na miezi minne, nikafanya zamu za usiku kuliko walioajiriwa, na posho nilipata mara tatu. Lakini siku ya usaili niliulizwa kuhusu mama mwenye kifafa cha mimba, na nikajibu kwa yule mama niliyemshika miguu usiku, sikujibu kwa kitabu. Ushauri wangu kwa anayejitolea ni kwamba apatane tangu mwanzo siku za kazi, tuseme tatu kwa juma, abakiwe na siku za kutafuta riziki. Kama ni kulima, alime. Bodaboda ya halali haimwondolei mtu utabibu wake.

La tatu ni zahanati na hospitali za binafsi. Mwaka 1977 sheria ilizuia watu binafsi kuendesha tiba ya kibiashara, na mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Zahanati nyingi za mijini zinaendeshwa na watabibu. Mishahara hupishana sana. Daima dai mkataba wa maandishi, na ukiona mwenye zahanati anakutaka umwandikie kila mgonjwa dawa tano ili mauzo yapande, ondoka.

Na zahanati zetu je, za taasisi za Kiislamu? Hapa niwe mkweli kuliko adabu. Niliwahi kufanya kazi katika mojawapo, sitaitaja. Mshahara ulichelewa miezi minne, na kila nilipouliza niliambiwa nifanye kwa ajili ya Allah. Alhamdulillah, nilifanya. Lakini mwenye nyumba wangu hakupokea thawabu kama kodi. Mtume (SAW) ametufundisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na katika taasisi zetu somo hilo tunalisoma kwenye mihadhara na kulisahau ofisini. Kamati ya msikiti iliyo na maduka ya wakfu na yanayolipa kodi kila mwezi inaweza kubeba mshahara wa tabibu mmoja na muuguzi mmoja. Inahitaji daftari safi la hesabu na watu wawili wasioogopana.

Miradi ya wafadhili, hasa ya UKIMWI, ilikuwa kimbilio la wahitimu tangu fedha za Marekani zilipoanza kuja kupitia mpango wao wa mwaka 2003. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na watu wengi wa mikataba walirudi nyumbani kwa barua ya ghafla. Anayepata kazi ya mradi leo aichukue, ila asikope nyumba kwa mshahara wake.

Ama kuhusu Ughaibuni, vijana wa Pwani wana jamaa Muscat, Jeddah na Doha, na swali hili naulizwa kila Idi. Kada ya tabibu kama tuliyonayo sisi haimo katika leseni za nchi za Ghuba. Wanaopata nafasi huko ni wauguzi, nao hutakiwa uzoefu wa kazi, mtihani na vyeti kuhakikiwa. Wakala akikwambia tanguliza pesa upate kazi ya utabibu Oman, mwambie akuonyeshe kwanza leseni hiyo inaitwaje.

Kwa mzazi ambaye hajalipa ada

Mzee wangu ameshauza mikorosho, lakini wapo wanaotaka kuuza mwaka huu. Kabla hujauza, hakikisha chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET, ile iliyokuwa ikiitwa NACTE, na uulize wanafunzi wanakwenda hospitali gani kwa vitendo. Chuo kisicho na hospitali ya kupeleka wanafunzi kinafundisha kuogelea ubaoni.

Sifa ya kujiunga na utabibu ni kufaulu masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Neno "yasiyo ya dini" huwaumiza watoto wetu. Mtoto ana alama nzuri katika Elimu ya Dini ya Kiislamu, mzazi anaihesabu, na chuo hakiihesabu. Namshukuru Allah kwa madrasa niliyosoma, iliyonifundisha kukaa na kitabu mpaka kieleweke, lakini Kemia sikuisomea humo. Baadhi ya seminari zetu zina minara mirefu na maabara yenye mirija mitatu iliyopasuka.

Tena usidharau Hisabati na Kiingereza. Tabibu mwenye wastani wa B, yaani GPA ya 3.0, anaweza kuomba kusomea udaktari chuo kikuu, ila atatakiwa awe na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kiingereza, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nina rafiki aliyeongoza darasa letu, na F moja ya Hisabati imemfungia mlango huo mpaka leo.

Kuhusu gharama, tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wanafunzi wa stashahada katika fani kadhaa, afya ikiwemo. Wapo waliokuwa wakiogopa ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo kwa hofu ya riba. Ilifutwa mwaka 2021. Masharti yaliyobaki myasome wenyewe na kuwauliza masheikh kabla ya kusaini.

Na kama ni binti, usisite. Katika kliniki yangu wapo akina mama wanaorudi nyumbani bila kupimwa kwa sababu siku hiyo zamu ni ya wanaume watupu. Baada ya vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh aliuguzwa katika hema lililokuwa msikitini kwa Mtume (SAW), na waandishi wa Sira wanalitaja kuwa ni hema la bibi Rufaida aliyekuwa akihudumia majeruhi. Tunalisoma madrasani kila mwaka, kisha binti akisema anataka ukunga tunamtafutia kozi ya kushona.

Kijana mwenyewe

Ijumaa iliyofuata mzee alikuja na mwanawe. Kijana mpole, hataki kuniangalia machoni. Nilimuuliza dalili za hatari kwa mtoto mwenye homa. Akataja mbili, akasita, kisha akazitaja zote moja moja mpaka mwisho. Baba yake alimtazama kama anamwona mara ya kwanza. Usajili hakuwahi kuuomba. Tulikaa kwenye simu yangu, tukaandaa nakala za vyeti, na Jumatatu alipeleka barua kwa Mganga Mkuu. Mganga mfawidhi wetu amekubali kumpokea siku tatu kwa juma leseni ikitoka, siku nyingine atasimamia mikorosho iliyobaki.

Fremu ya stendi mzee amempangisha fundi cherehani.